Nafasi Nyeupe ya Bi Fatu

Shangazi yangu Somoe,

Hujambo sikuulizi, maana huko uliko hakuna homa wala paa la kuvuja. Nakuandikia kwa sababu nimeharibu kitu chako, na sina mwingine wa kumwambia.

Hapa Rahaleo bado unatajwa. Juzi mwalimu mmoja mgeni alisimama mbele ya picha yako ya sebuleni, ile ya wanawake ufukweni, mpaka chai yake ikapoa. Akauliza ulisomea wapi. Nikamwambia hukusomea popote. Ulikuwa ukipiga deki ofisi ya wachora ramani bandarini, na mmoja wao, Bwana Elia, alipohamishwa, akakuachia chupa sita za wino wa rangi. Akriliki, alivyouita: ukishakauka hautoki hata uusugue kwa sabuni. Mwingine angeogopa. Wewe ulicheka, ukasema afadhali, utakuzuia kubadili mawazo kila saa.

Mpaka leo sijaona mkono kama ule wako. Ulilowesha karatasi, ukapitisha bluu, ukaiacha ikauke, ukapitisha kijani juu yake, hivyo hivyo mpaka kina cha maji kikaonekana. Watu hukuwagusa. Uliwazungushia bahari, ukawaacha weupe wa karatasi, na siku nyingine ndipo ukawavika rangi. Nyuso hukuwapa, kwa kuchelea maneno ya watu, lakini kwa kiuno tu tulijua huyu ni nani. Nilikuonea wivu, nakiri.

Sasa kosa lenyewe. Picha yako ya mwisho ulimwahidi Bi Fatu wa Mahurunga, mliyetanda naye uduvi, vile vikamba vidogo, mlangoni mwa mto Ruvuma tangu usichana wenu, mmoja ncha hii ya nguo ya kuvulia, mmoja ncha ile. Wewe ulishajichora, umeinama, nguo mkononi. Upande wa pili palibaki nafasi nyeupe. Mimi mjuaji nikadhani ugonjwa ulikukatiza kabla hujamaliza maji. Nikaona aibu kumpa mtu picha yenye tundu. Nikaijaza bluu, tena nikajisifu.

Siku ya arobaini yako, baada ya hitima, nikamletea Bi Fatu. Aliitazama sana, kisha akauliza: "Na mie nko wapi? Somoe anavuta na nani?"

Nililia kuliko siku ya mazishi, Shangazi. Nimemzamisha rafiki yako kwa mkono wangu mwenyewe, na wino ule hautoki.

Alipomaliza kunibembeleza ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukipandisha wino juu ya wino. Nikamwomba asimame uani na leso, ainame kama mko majini. Hakuweza. Mgongo ulikataa kukaa vile bila mtu wa kuvutana naye. Basi nikashika mimi ncha ya pili kwa mkono wa kushoto, brashi kulia. Akavuta, hana huruma yule mama, nusura aniangushe. Nikamchora hivyo hivyo, kahawia juu ya bluu. Ametoka mweusi kuliko wewe, na bahari inaonekana ndani ya mwili wake. Wewe ungemchora vizuri zaidi, hilo halina ubishi. Lakini aliinama akaangalia kiuno, akasema, "Ndiye mie huyo." Akaiviringisha picha ndani ya mkeka.

Nilipomsindikiza aliniambia kwamba tangu uondoke hajashuka majini. Wake za wanawe wana haraka, hawajui kuvuta pamoja na mtu. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, akiangalia njia.

Kwaheri, Shangazi. Mungu alipe nuru kaburi lako. Unanijua, mpiga chapa wa ofisini, kulowa miguu sipendi. Lakini nimeshaomba ruhusa kazini. Bamvua lijalo, maji yakipwa, nitakuwa Mahurunga nimeshika ncha yako ya nguo, na nikivuta vibaya Bi Fatu atanigombeza kwa niaba yenu wote wawili.

Mwanao,
Hadija