Kitabu cha Nne

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa dirishani kwako, goti limetulia, na chai haijapoa. Kitindamimba wako ameniambia umeutupa mkongojo uvunguni eti unakuzeesha. Mama, mkongojo haumzeeshi mtu, kinachomzeesha ni kuanguka. Uutoe huko. Sisi huku tu wazima. Baba watoto anakuamkia, na mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa kila akitaja jina lake mwenyewe anapiga filimbi.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Simu yako unaiweka spika, na jirani yako ana masikio kuliko sungura. Halafu simuni huwa unaniwahi. Naanza sentensi, unaimaliza wewe. Ya leo niache niimalize mwenyewe.

Nianze na kazi, maana ndiyo iliyoleta yote. Mwezi wa pili mwalimu mkuu wa shule inayotazamana na maktaba yetu alikuja kuniomba nimchagulie mfululizo mmoja wa hadithi kwa watoto wake wa miaka tisa hadi kumi na miwili. Alitaka vitabu vinavyofuatana, wahusika walewale, ili mtoto akimaliza kimoja akimbilie kingine. Alisema rika hilo limemshinda: wakipewa vya picha wanasema ni vya watoto, wakipewa vya vijana wazazi wanajaa ofisini. Nikamwambia amefika penyewe. Watoto wa umri huo ni popo, si ndege si mnyama. Asubuhi wanataka kubebwa, mchana wanadai ufunguo wa nyumba.

Mama, kazi hii naijua, na sioni haya kusema. Wengi huchagua kwa jalada, au kwa ile namba iliyochapwa nyuma: miaka tisa na kuendelea. Namba hiyo ni ya kitabu cha kwanza tu. Mfululizo hukua kama mtoto, ila mbio zaidi. Mwandishi ametumia miaka sita kuandika vitabu sita, msomaji atavifagia vyote likizo moja. Ataanza ana miaka tisa, na akifika cha sita, kilichoandikwa kwa mtu wa miaka kumi na minne, bado ana tisa yake ileile. Kwa hiyo mimi husoma vyote, cha kwanza hadi cha mwisho, penseli mkononi. Kisha nawasomea watoto ukurasa mmoja kwa sauti, jicho moja kwenye kitabu, jingine kwenye miguu yao. Miguu ikitulia chini ya viti, kitabu kimepita.

Nilisoma mifululizo saba. Mmoja ulikuwa na ngumi nyingi mpaka nikahisi nimevimba. Mwingine ulikuwa na mtoto mwema kiasi kwamba hata wewe ungemchoka. Nikachagua uitwao Watoto wa Ngazi, vitabu sita, habari za watoto watatu wanaoishi kwenye jengo ambalo lifti yake imekufa. Wanawapandishia majirani mizigo, na kwa njia hiyo wanazijua siri za kila ghorofa. Cha kwanza hadi cha tatu nilivibandika alama ya kijani mgongoni, achukue anayetaka. Cha nne na cha tano nikavipa njano, yaani ukikitaka unakuja kwanza mezani kwangu tunaongea. Cha sita nikakipandisha rafu ya vijana. Watoto wakanibatiza Bibi Subiri, na jina nimelipokea kwa mikono miwili.

Hicho cha nne kina jambo zito. Mama wa mmoja wa wale watoto anaugua, analazwa miezi, na watu wazima wanamwambia binti yake kwamba mama amesafiri. Mama yule hafi, na hakuna damu wala vitisho. Lakini nilijua kuna watoto watakaokisoma wakiwa wamelala kifudifudi na biskuti, na wengine watakaokisoma wakiwa wameshika pumzi.

Jumanne moja saa tisa mchana akaingia baba mmoja, fundi rangi, kofia imejaa madoa, kitabu cha nne kwapani. Sikumjua. Hakukubali kiti. Alisema kitabu hicho kiondolewe, na kama hakiondoki basi kurasa za hospitali zikatwe, yeye mwenyewe yuko tayari kuzikata vizuri bila kuharibu mshono. Alisema mtoto wa miaka kumi na mmoja hana haja ya kujua kwamba watu hulazwa miezi. Akaongeza kwamba mtu anayeshinda na vitabu kutwa hawajui watoto, anajua karatasi. Hilo lilinichoma, ila sikupandisha sauti. Nilimwambia kwamba mkasi hauingii humu ndani, kisha nikamuuliza binti yake ni yupi.

Kumbe ni Chiriku. Sisi wa maktaba ndio tuliompa jina hilo, maana alikuwa akiingia mlangoni tayari yuko katikati ya habari. Ila kwa miezi miwili alikuwa akiingia kimya, akitoka kimya, na mimi nikajiambia ni utu uzima unabisha hodi. Nikamuuliza baba mtu, mama yake hajambo? Akasema amesafiri, yuko kwenye mafunzo ya kazi. Alisema hivyo akiangalia dari, kama anayekagua rangi yake. Hapo nikaelewa. Ile methali ya mficha maradhi ilinifika kwenye ulimi, nikaimeza, kwa sababu methali nyingine ni kofi.

Badala yake nikavuta sanduku la kadi, nikamwonyesha. Mihuri mitatu. Binti yake alikuwa amekiazima kitabu kile mara tatu. Mara ya kwanza aliniambia anataka kujua kilichofuata, nami nikamruhusu. Mara ya pili alisema amesahau yule msichana aligunduaje wodi ya mama yake. Mara ya tatu hakuleta sababu ndefu. Alisema tu, "Nataka kuona tena kama alirudi." Na mimi, mjuzi wa miguu ya watoto, nilipiga muhuri nikamwambia asichelewe kukirudisha. Hilo nalo nalikiri kwako.

Fundi aliitazama ile kadi, akauliza bomba la maji liko wapi. Nikadhani anaondoka. Akarudi mikono ikidondoka maji hadi kwenye viwiko, kucha amezisugua mpaka zimekuwa nyekundu, akaomba kitambaa. Alikuwa anaogopa kuchafua kurasa, Mama, zile alizokuja kuzikata. Akakaa kwenye kiti cha watoto, magoti karibu yaguse kidevu, akasoma. Alisoma zaidi ya saa nzima. Niliendelea kupanga vitabu nikijifanya sina habari naye.

Alipomaliza akaniuliza, "Anajua?"

Nikamjibu kwamba anajua. Akauliza tangu lini. Nikasema hilo silijui, ila mtoto anayejua na kunyamaza anabeba mizigo miwili: habari yenyewe, na mzazi wake. Akaniuliza tena, safari hii bila ukali, nina uhakika gani wakati nyumba yake siijui. Ndipo nikamsimulia jambo la utoto wangu ambalo nilikuwa sijamsimulia mtu yeyote. Nitakueleza hapa chini, maana ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Siku ya pili yake alimwambia binti yake ukweli. Alhamisi wakaja wote wawili, na Chiriku akaomba cha tano. Alisema anakwenda kumsomea mama yake, kwa kuwa kule wodini hana kazi ila kuhesabu feni. Sikumketisha mezani kwa mazungumzo, nilimpa tu. Jumamosi iliyopita mama huyo aliruhusiwa kurudi nyumbani. Amekonda, anatembea kwa kushika ukuta, lakini amerudi, na daktari ameridhika. Chiriku naye ameanza tena kuongea mpaka msomaji mmoja wa magazeti akaja kunilalamikia kelele. Nikamwambia nitalishughulikia, na bado sijalishughulikia. Mwalimu mkuu ameagiza vitabu vitano vya kwanza kwa madarasa matatu, na cha nne kiko rafuni na kurasa zake zote.

Sasa, Mama, weka kikombe chini.

Unakumbuka ulivyokuwa unasoma kila kitabu kabla hujanipa? Ulikuwa umechoka na kazi, lakini ulisoma. Na ukikuta pasiponifaa ulipaka gundi ya unga, ukabana kurasa pamoja, kisha ukaweka chungu juu mpaka zikauke. Ukaniambia nisiziguse, na mimi nikaitikia ndiyo Mama. Nilikuwa nazigusa. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, mchana ukiwa kazini na mdogo wangu amelala, nilikuwa nachemsha birika, nashika kitabu juu ya mvuke, na kurasa zinaachia zenyewe. Nikishamaliza nabandika tena kwa uji. Nilifungua nyingi, na nyingi zilikuwa mabusu tu, yaliyonichosha kuliko yalivyonifundisha.

Lakini katika kitabu kimoja ulibandika kurasa nane, na nilipozifungua hapakuwa na busu hata moja. Palikuwa na baba anayefunga sanduku lake, anaondoka, na haji tena. Na mama anawaambia watoto wake kwamba baba yuko kazini, mbali, atarudi mvua zikiisha. Nilisimama pale jikoni mpaka maji yakakauka na birika likaanza kunuka. Sikujiuliza kwa nini umezibandika. Nilijua. Ile harufu ya birika ulinigombeza jioni, ukasema nina uzembe, nami nikakubali uzembe.

Kwa hiyo, Mama, habari ya Baba niliijua miaka mitatu kabla hujaniambia. Na miaka yote hiyo kila Ijumaa nilikuuliza, Baba anarudi lini? Sikuwa nauliza ili nijue. Ijumaa moja nilisahau kuuliza, ukaacha kumenya viazi, ukanitazama kwa macho ya woga ambayo sikutaka kuyaona tena. Tangu siku ile sikusahau. Nilipofika miaka kumi na minne ukaniketisha ukanieleza, nikalia sana, na ukaniomba radhi kwa kunishtua. Hukunishtua. Nililia kwa kuchoka, na kwa furaha kwamba Ijumaa zimekwisha.

Sikulaumu, na sitaki ujilaumu. Wewe ulinilinda kwa gundi, mimi nikakulinda kwa swali. Tulikuwa walinzi wawili wa lango moja, kila mmoja akidhani mwenzake amelala. Kinachoniuma ni kwamba mtu baki, mwenye rangi kwenye kofia, ameyasikia haya kabla yako. Nisamehe kwa hilo. Hayo mengine ya birika, ukitaka kunigombeza, nigombeze, nimezoea.

Nitakuja mwisho wa mwezi, peke yangu, nikae siku tatu. Msalimie kitindamimba, mwambie akuzibie ile pembe ya paa. Msalimie na jirani mwenye masikio, lakini barua usimwonyeshe.

Na tukikaa jikoni kwako, nina swali moja la kukuuliza. Miaka ile mitatu nilikuuliza habari za Baba kila wiki, na sikukuuliza hata mara moja: wewe, Mama, ulikuwa unaendeleaje?

Ni mimi mwanao,
Kifunguamimba wako