Sauti Iliyogoma Kabla ya Arobaini Yako

Baba,

Shikamoo. Arobaini yako tumeimaliza juzi. Watu walikula, pilau ilitosha, na shangazi Paulina hakugombana na mtu hata mmoja. Sasa nataka nikwambie jambo ambalo sijamwambia hata Mama. Nina wivu, Baba. Wivu mpaka chakula hakishuki.

Siku ya tatu baada ya mazishi, wazee wa ukoo wako walikaa hapa uani Kilakala wakaamua kwamba jina lako na vyombo vyako vya kazi anarithi Kosmas, mtoto wa shangazi. Si mimi. Mimi niliyekaa nawe kwenye chumba cha kurekodia tangu kiwanda chenu kilipobinafsishwa, ukachukua kiinua mgongo chako ukanunua kompyuta ya mtumba, watu wakakucheka. Niliuliza kwa nini. Mzee mmoja akanijibu kwa upole, "Mwanangu, wewe ni wa ukoo wa mama yako. Una mjomba wako kule Mgeta, kwake ndiko utakakorithi." Mila naijua. Lakini mjomba ana shamba la kabichi, na ana afya kuliko mimi! Kosmas naye anaendesha trekta kwenye miwa Turiani, hata kuwasha kompyuta hajui. Huyo ndiye mwenye jina lako sasa, Kobelo mpya. Nimemzidi miaka miwili, na natakiwa nimwamkie, nimwite Baba.

Mama aliomba kitu kimoja tu, kwamba siku ya arobaini asikie sauti yako. Ile ya mwanzo wa kila rekodi, unapohesabu kwenye maikrofoni kabla kwaya haijaanza. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Ningebonyeza tu.

Wivu haukuniacha nibonyeze tu. Nilitaka wazee waikute mashine imekuwa mpya, waseme, kumbe mwenye kazi ni huyu kijana. Nikachukua ile CD aliyoileta yule mwanafunzi wa chuo, ile uliyosema tusiiguse kwanza, nikabadilisha kiini cha mfumo wa kompyuta, kerneli yako uliyokuwa ukiisemesha kama mtu. Na kwa kuwa diski ilikuwa imejaa, nikafuta ya zamani. Nasikia unavyoguna. "Deo, ya zamani usiifute mpaka mpya ikubali." Uliniambia mara ngapi?

Mashine ikawaka vizuri, tena haraka kuliko mwanzo. Nikafungua rekodi ya kwaya. Sekunde zinahesabika kwenye skrini, spika kimya. Hata ule mkwaruzo wa umeme uliokuwa ukikuudhi haukuwepo.

Zilibaki siku nne. Nilichomoa waya za spika nikazirudisha. Nikaziunga spika zilezile kwenye redio, zikaimba. Nikafungua kasha, nikatoa kadi ya sauti, nikaipangusa vumbi kwa ile brashi yako, nikairudisha. Nikaiuliza mashine kama inaiona kadi, ikajibu inaiona, ikaitaja hadi jina. Nikaingiza upya programu inayoiendesha, nikazima, nikawasha. Kimya. Nikasoma daftari lako lote, nikakuta mambo ya kadi ile ya kwanza iliyoungua, ratiba za kwaya, na saa za kumeza dawa za presha. Hapo kwenye dawa nilishindwa. Nililia, halafu nikakasirika kwamba nimelia.

Na hili ndilo ninalokuungamia. Siku ya tatu ya kuhangaika nilikaa nikafikiri, basi, iwe hivyo. Akirithi, arithi bubu. Nikazima mashine nikaenda kunywa chai, na chai ilikuwa tamu. Mama nilikuwa nimemsahau kabisa.

Mchana huohuo Kosmas akafika na gunia la mchele. Akaingia chumbani kwako, akaketi kwenye kiti chako. Unaujua utani wetu mabinamu, hata msibani haupumziki. Akaanza, "Binamu, nasikia umeiua na sauti ya mjomba. Presha iliyomwondoa mwenyewe haikukutosha?" Nikamweleza yote niliyofanya, kwa maneno magumu makusudi, ili asielewe. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi trekta likigoma, kwanza naangalia kama sijalizima mwenyewe. Hiyo sauti haijafungwa tu mahali?"

Nilitaka kumcheka. Nikashindwa, maana nilikuwa nimeangalia kila kitu isipokuwa hicho. Nikafungua miksa kwenye skrini, ile yenye nguzo za kupandisha na kushusha sauti. Chini ya kila nguzo kulikuwa na MM, alama ya kufungwa. Kumbe kerneli mpya imekuja na utaratibu wake wa sauti, na huo huanza ukiwa umefunga njia zote mpaka mwenye mashine azifungue. Hakuna kilichokuwa kimeharibika, Baba. Nikabonyeza M, nikapandisha nguzo. Spika zikakohoa, kisha ukaja wewe: "Moja, mbili, tatu. Deo, punguza kidogo. Tena. Moja, mbili..."

Kosmas aliinamisha kichwa. Mimi nilimchukia saa ile kuliko siku zote. Siku zangu tatu, na yeye kwa swali moja la trekta!

Siku ya arobaini Mama alikusikiliza akiwa ameshika ukingo wa meza, na aliomba turudie mara tatu. Wazee wakamkalisha Kosmas mkekani wakampa jina lako. Wanao wakapita mmoja mmoja kumwamkia, dada Vero hata akapiga goti. Mimi nilijifanya napanga viti.

Jana, kabla hajapanda basi, alinivuta pembeni. Nikajua anakuja kunidai salamu yangu. Akaniuliza, bila utani wowote, kama ipo rekodi ambayo umemtaja yeye. "Wewe umo kila mahali, Binamu," akasema. "Kila akifungua mdomo ni Deo, Deo. Mimi wamenipa jina lake, na langu sijui kama alilikumbuka." Baba, kumbe na yeye ana wivu. Ana wivu na mimi.

Leo nimeanza asubuhi. Nimesikiliza rekodi zote, pamoja na sehemu zile ulizoniambia nikate, nami nikazihifadhi kwa siri. Umemtaja padre, umemtaja fundi umeme, umemtukana jogoo wa jirani. Kosmas hayumo. Sikufichi, nilifurahi, kwa muda wa rekodi mbili hivi. Baada ya hapo nikaendelea kusikiliza nikiomba uliseme jina lake hata kwa kumgombeza.

Jioni akapiga simu kuuliza. Nikamwambia bado natafuta.

Jumapili anakuja kuchukua mashine. Nitamfundisha kuiwasha na kuizima, na miksa nitamwonyesha ilipo. Nakuahidi nitamwamkia mbele ya Mama, na nitamwita Baba, hata likinikwama kooni. Wewe pumzika sasa, uwasalimie waliokutangulia. Na akiniuliza tena, mwaka huu au mwaka wowote, nitamwambia bado natafuta.

Mwanao,
Deo