Alama Tatu za Shangazi Mwanapili

Dada Nassra,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Maskati, na joto la huko limekuonea huruma kidogo. Sisi huku wazima, na mimi kuliko wote, maana tokea Nungwi mpaka Makunduchi hapana mtu anayejua midomo ya watoto kama mimi. Madaktari wenyewe wakitaka kujua mtoto gani anatema uji na kwa nini, wananiuliza mimi, niliyeishia darasa la tisa.

Nimesikia unataka mwanao Nada aondolewe kwa Shangazi Mwanapili, akalelewe Mbweni kwa nduguze baba yake, kwa kuwa shangazi kapata alama tatu katika ishirini. Basi kabla hujamtuma mtu kumchukua, soma mpaka chini. Kwenye simu ungenikatia.

Kazi yangu, kwenye huu mradi wa kupima walezi, ni kukaa pembeni na saa na fomu wakati mtoto analishwa. Kila dakika natia alama: mlezi kamsemesha? Mtoto akinyoosha mkono, kajibiwa au kapuuzwa? Kalazimishwa? Na mimi nimekatazwa kusema, kucheka na kula.

Jang'ombe mama mmoja aliponiona nimemkodolea macho mwanawe alimfunika kanga, akaniuliza jicho langu hilo kwetu wanalivumilia vipi. Nikaandika: mtoto haonekani. Mwengine, kwa kujua anapimwa, kila kijiko alimwita mtoto roho yangu, nuru yangu, mpaka mtoto akaogopa akalia. Hajapata kuitwa hivyo tangu azaliwe. Yule alipata kumi na tisa.

Makunduchi nyumba ya shangazi haikuwa yangu kupima. Haturuhusiwi kupima jamaa zetu. Lakini nani mwengine angeipima sawasawa? Nikabadilishana na mwenzangu, nikaenda.

Nilimkuta anampakulia Nada wali na samaki mmoja, changu wa kuchoma. Nikakaa pembeni na fomu yangu. Shangazi akaniuliza nimekula. Nikamwambia nipo kazini. Akaweka kijiko chini.

"Mudrik, mimi silishi mtoto mbele ya mtu mwenye kinywa kikavu. Sogea ule, au toka nje na saa yako."

Nikasogea. Yule changu akanisogezea mimi, mgeni. Nada akanyoosha mkono, shangazi akaurudisha taratibu. Akanyoosha tena, akarudishwa tena, akapewa wali na mchuzi. Mimi nnatafuna huku naandika kwa mkono wa kushoto: mtoto kaomba mara sita, hakupewa, mlezi kausukuma mkono wa mtoto. Nilijiona hodari, kufanya yote mawili kwa pamoja.

Wiki ya pili Bi Badriya, msimamizi wetu, alimwita shangazi akamsomea fomu nikiwapo. Alimuuliza kwa upole kwa nini mtoto wa miaka miwili anaomba samaki mara sita na sahani iko mbele yake. Shangazi alinitazama, halafu akatazama sakafu. Unamjua. Alicholishwa mgeni kwake hakitaji, hata mbele ya kadhi.

Akasema, "Pengine kweli nimezeeka, sijui tena kulisha mtoto."

Nami nilikaa pale na kalamu sikioni, nikanyamaza. Tokea siku hiyo anahudhuria darasa la walezi kila Jumatano, anakaa nyuma, na Nada mapajani. Mtoto mwenyewe kanenepa, anakula vizuri, na akishiba anaimbiwa. Hayo nimeyaona kwa macho yangu, siku ambazo sikuwa na fomu.

Msalimie shemeji Ammar, na umwambie nduguze wa Mbweni wasihangaike kutandika kitanda. Kwa Bi Badriya ntakwenda Jumatatu. Nimeona nianze na wewe.

Samaki wa Nada nilimla mimi, Dada, mpaka kichwa.

Mdogo wako,
Mudrik