Taya Lililobandikwa kwa Gundi

Mama, shikamoo. Huku Mafinga ukungu haujaondoka tangu asubuhi, nami nakuandikia nikiwa kwenye karakana ya fundi seremala, nakula viazi vya kuchemsha. Nimefuata lile fuvu la mbao la kufundishia. Matundu ya macho, mifupa ya mashavu, meno, vyote amevipatia. Ila taya la chini amelibandika kwa gundi, na Jumatatu wanafunzi wananisubiri.

"Fundi, kwenye fuvu taya la chini ndilo linalocheza," nikamwambia. "Wataonaje mtu anavyotafuna?"

"Mwalimu, hapa kwetu kitu kikicheza mteja anakirudisha."

Ikabidi nitafune kiazi mbele yake, kidole nimekiweka karibu na sikio, pale taya linapochezea. Akaniangalia weee, kisha akachukua msumeno, akalikata taya pale penye gundi. Amelifunga upya kwa bawaba ndogo za kabati, moja kila upande.

Sasa fuvu linafungua kinywa, na kila likifungua linalia kama mlango wa jikoni kwako. Fundi alitaka kulitia mafuta, nikamkataza.

Ujifunike vizuri, mama. Na ule mlango usiutie mafuta mpaka nirudi Uyole.

Mwanao, Atupele