Njia za Kumfikia Deodata

Alhamisi, 3 Julai 2025

Barua ya mdogo wangu Deodata imefika, kwa simu ya paroko. Nadhiri za daima tarehe 15 Agosti, huko huko Kochabamba, Bolivia. Miaka ishirini na mbili nafundisha jiografia hapa Bukiriro. Bolivia nimeinyooshea fimbo ubaoni mara ngapi! Leo ndiyo najiuliza mtu anafikaje.

Tiketi watakata masista wenzake. Kazi yangu ni kutafuta njia na viza tu. Nikajiambia rahisi. Mjinga mimi.

Baba aligoma kumkabidhi alipoingia utawa. Hakumpa hata mkono. Mwaka jana, siku mbili kabla hajafa, akanishika mkono mimi: nenda wewe ukamkabidhi, mtoto asisimame altareni kama hana kwao. Nikaahidi. Kwa hiyo naenda. Hakuna mjadala.

Jumamosi, 5 Julai

Nimeshinda Ngara mjini kwa Priscila, binti wa ofisi ya tiketi. Ya moja kwa moja hakuna, nilijua. Lakini hizi! Mwanza, Dar, Adis Ababa, Sao Paulo, Santa Kruzi, Kochabamba — ndege tano. Au kupitia Ulaya, Madridi; hapo huenda wakadai viza ya kupita. Ya KUPITA! Nikae kwenye kiti tu, nisiguse hata ardhi yao, bado viza.

Au nivuke mpaka pale Rusumo, nipande gari hadi Kigali, kisha Doha, Sao Paulo na kuendelea. Kigali iko puani kwetu. Hii ndiyo njia yangu, nikasema. Priscila akauliza kama tiketi itakuwa moja au mbili. Nikamwuliza tofauti ni nini. Zikiwa mbili, mizigo natoa mwenyewe Sao Paulo, na hapo nahitaji viza ya Brazili pia.

Nimerudi na kichwa kinagonga.

Jumapili, 6 Julai

Ndassa kaja na pikipiki kutoka Nyamigogo, kaniletea maziwa ya mgando. Rafiki yangu, Msukuma wa ng'ombe wengi na ushauri mwingi. Akasema ndege za nini, panda meli.

Nikamwambia Bolivia haina bahari.

Akafikiri kidogo. Sasa wao wenyewe walifikaje?

Nilitaka kukasirika, nikacheka mpaka Mama akatoka jikoni kuangalia.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Ofisi zote zimefungwa. Nimelima maharage kwa hasira.

Ijumaa, 11 Julai

Kadi ya homa ya manjano — ninayo. Picha — mara ya tatu, mara hii masikio yanaonekana. Tiketi moja kupitia Kigali, imeshikwa. Ubalozi wa Bolivia hapa nchini haupo, Priscila anasema wa karibu uko Misri. Tumetuma kila kitu kwa barua pepe, na mtandao ulikata mara nne. Tunasubiri.

Alhamisi, 17 Julai

Wamejibu. Huyu sista si ndugu yako, wanasema. Kwa adabu, lakini ndiyo maana yake! Mimi Laurian Tomasi Nzeyimana. Yeye Deodata Tomasi Mukuru. Akina Tomasi ni wengi duniani. Niwape uthibitisho kabla ya Ijumaa ya tarehe 25, la sivyo faili linafungwa, na tiketi hiyo hiyo Ijumaa inaachiwa.

Siku zote nilidhani Mukuru ni jina alilopewa yeye mwenyewe. Kwetu kila mtoto na lake, nani anashangaa? Nikaenda parokiani kufungua kitabu cha ubatizo. Imeandikwa pale: jina la babu, Mukuru.

Babu yetu ni Nzeyimana! Mimi nimerithi jina lake!

Usiku nikamwuliza Mama. Akachezea ncha ya kitenge muda mrefu. Deodata alibatizwa Baba akiwa Mwanza kwa kibarua, Mama akaenda naye peke yake. Katekista akauliza jina la babu. Sasa mke anatajaje jina la baba mkwe wake? Haiwezekani. Mama akasema, ni yule mukuru, yaani mkubwa wa nyumba. Katekista, mgeni kutoka mbali, akaandika alichoambiwa.

Basi. Miaka thelathini na nne baadaye, mimi nimekwama Bukiriro kwa sababu ya heshima.

Jumatatu, 21 Julai

Wakili Fabiani anasema mama mzazi anaweza kula kiapo: hawa wote wangu, babu yao ni fulani. Ataje kwa mdomo wake mwenyewe. Nikamweleza Mama. Hakula jioni. Nilipaza sauti, Mungu anisamehe. Babu amekufa tangu mwaka themanini na moja, nikamwambia, atakusikia wapi? Akasema, "Wewe unajuaje hasikii?"

Jumatano, 23 Julai

Nimelala vibaya. Nimegundua kitu. Miaka arobaini na sita Mama hajawahi kuniita Nzeyimana. Hata siku moja. Ni Laurian, au Baba. Hata shuleni, siku ya kuandikishwa, alinisukuma mbele nikajitaja mwenyewe.

Asubuhi nimemkuta amevaa kitenge cha kanisani. Twende kesho, akasema. Sikumwomba tena, kaamua mwenyewe.

Alhamisi, 24 Julai

Naandika kwenye benchi, nje ya ofisi ya wakili.

Mama ameapa kwa Biblia vizuri kabisa. Akataja jina lake, Rozina. Akamtaja Deodata, akanitaja Laurian. Fabiani akauliza, samahani mama, na baba mkwe wako aliitwa nani? Akauliza tena. Mama akavua kandambili, akazipanga chini ya kiti kama anaingia kwa mtu. Kisha akanigeukia: "Toka, Baba. Siwezi kumtaja huku ananiangalia."

Nimetoka. Dirisha halina kioo, ni wavu tu.

Saa nane kasoro. Priscila amepiga simu mara mbili, sijapokea.

Fabiani anasema taratibu, mama, taratibu.

Mama anakohoa. Amesema, "Nze—"

Fabiani anasema, endelea, nakusikia.

Nimesimama. Nimeondoka dirishani, nimekwenda mpaka barabarani, nisije nikaitika.