Milimita Tatu za Shore

Jumatatu, 3 Machi
Nyavu sita, ndege kumi na mmoja. Shore koo-njano wanne. Nimepima mabawa, nimewavisha pete za namba miguuni, nimewaachia. Mvua tangu asubuhi, vidole ganzi.

Vipimo vya Iringa vimefika. Shore koo-kijivu wa kule eti bawa lake ni fupi kwa milimita tatu kuliko la hawa wangu wa Mbeya. Haiwezekani! Ndugu wa damu hawa, wanatofautiana koo tu. Baba Kihwele, mpimaji wetu wa Iringa, macho yamechoka.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwandikia msimamizi wa utafiti. Nimesema mzee hasomi rula vizuri. Jibu limekuja kabla ya chakula cha mchana: asipime tena, abebe nguzo za nyavu tu. Miaka yote ile ya kupima, sasa nguzo. Nilifurahi. Niseme kweli, nilifurahi.

Ijumaa, 7 Machi
Leo shore wa Jumatatu amenasa tena, pete ileile. Tumaini, mwenzangu, akampima kwanza: tisini na moja. Mimi: tisini na nne. Ndege mmoja, rula moja!

"Dada, mbona unalikandamiza bawa?"

Nikamjibu vibaya. Kisha nikatazama kidole gumba changu. Kimelala juu ya bawa, kimelibana kwenye rula kama chapati, hadi limenyooka na kurefuka. Mwongozo unasema bawa liachwe lilivyo. Niliusoma mimi mwenyewe. Mjinga mimi.

Jumamosi, 8 Machi
Nipo nyumbani Ilomba, Mbeya mjini. Sijala. Nimepunguza milimita tatu kwenye vipimo vyangu vyote. Shore wa Mbeya na wa Iringa wanalingana kabisa. Mzee alikuwa sahihi kila siku.

Nimemwandikia msimamizi tena: kosa ni langu, mzee arudishiwe rula. Nimempigia Baba Kihwele, amepokea mke wake. Mzee yuko msituni, anabeba nguzo. Jumatatu nitapanda basi.

Jumanne, 11 Machi
Jana basi la asubuhi, nikapita kituo cha Chimala bila hata kununua maji. Leo msituni Iringa.

"Kamwene, mwanangu," Baba Kihwele akanisalimu kwa Kihehe, kama hakuna kitu. Nikasema kosa ni langu, Baba, nisamehe. Akatoa shore koo-kijivu wavuni, akanipa na rula. Akakiinua kidole gumba changu, taratibu, kutoka kwenye bawa.

Tisini na moja. Tukamwachia.

Msimamizi bado hajajibu. Nguzo za kushusha barabarani zilikuwa kumi na mbili. Nikabeba sita. Kwenye mteremko akanipokonya mbili.