Ndoo ya Anayerudi wa Mwisho

Junda, Jumapili. Mwezi wa nne tangu utuondokee.

Ndugu yangu Mutua,

Nimechoka. Bado navuta mkokoteni wa vitunguu sokoni Kongowea, mabega yamekwisha. Kompyuta yako kaka yako aliichukua pamoja na nguo, na nasikia huko Kitui hakuna anayeweza kuifungua. Ile kazi yako ya kurekebisha kerneli imelala humo ndani.

Sikusoma sana, lakini nakumbuka ulivyonieleza. "Mzee wa vitunguu, hebu sikiliza." Kerneli ni kama msimamizi wa soko ndani ya mashine. Programu nyingi hutumia memori moja, kama wachuuzi wanavyotumia banda moja, na msimamizi hutunza sheria ya mzigo uwekwe upande gani. Programu ikijiwekea sheria yake yenyewe, ikifa, sheria hufa nayo. Lakini sheria ikifungwa kwenye ile memori ya pamoja, hubaki hapo. Hata aliyeiweka akifa, anayeingia ataikuta, mpaka mtu aibadilishe au banda livunjwe.

Nilicheka, nikakuuliza sheria ya chumba chetu ni ipi. Ukanyoosha kidole kwenye ndoo: anayerudi wa mwisho asikose maji ya kuoga.

Sasa naishi na Kazungu, mpakiaji wa mahindi. Hakukujua, wala sikumwambia neno. Juzi nilichelewa, nimejaa vumbi la vitunguu, nikakuta ndoo imejaa, imefunikwa kwa sinia lako. Nikamuuliza nani kamfundisha. "Si ndivyo nilivyokuta humu?" Nikatoka nje nikalia, Mutua. Hata sinia hajui ni la nani.

Na chumba chenyewe nacho kinaondoka. Jana Bi Mwanaisha, mwenye nyumba, alisimama mlangoni. "Wanangu, naivunja, wallahi si kwa kupenda. Ukuta wa nyuma ushaanguka." Nitamlaumu vipi? Kazungu anahamia Likoni kwa shangazi yake. Mimi sina nguvu ya kutafuta chumba kingine na kuanza na watu wapya. Banda likivunjwa, ulisema mwenyewe.

Kwaheri, ndugu yangu. Sikuwahi mazishi yako. Sinia naja nalo, na nitapita kaburini kwako Kitui kabla ya kufika kwetu. Mwisho wa mwezi huu napanda basi. Safari hii mimi ndiye ninayerudi wa mwisho, na najua hakuna aliyeniwekea maji.